Lenzi ya Mrusi ya 1977 kwenye kamera ya leo: wapenzi wa kamera za zamani Dodoma na jirani, ingieni humu

Mbuyu Mkavu

Wakuu, habari za Jumapili. Naanzisha uzi huu kwa sababu mke wangu ameshachoka kunisikiliza, na kazini wakiniona na kamera wanadhani natafuta tenda ya harusi.

Mwaka juzi baba mdogo alikuwa anahama nyumba yake ya Kikuyu, hapa mjini, akaniita nimsaidie kubeba vyombo. Chini ya kitanda tukatoa sanduku la bati. Ndani kulikuwa na magazeti, koti zito la baridi ambalo hata upepo wa Julai wa Dodoma hauna hadhi nalo, na mfuko wa ngozi uliokakamaa. Kufungua mfuko: Zenit-E. Alirudi nayo kutoka masomoni Urusi, enzi za Muungano wa Kisovieti. Nikamuuliza kama bado inafanya kazi. Akasema, "Mimi ndiye nimestaafu, hiyo bado." Nikaondoka nayo, na koti nikapewa juu.

Kwa wasioijua, Zenit-E ilianza kutengenezwa 1965 huko Krasnogorsk, jirani na Moscow, zikatoka kwa mamilioni. Haitumii betri. Kasi za pazia lake ni tano tu, kuanzia 1/30 hadi 1/500 ya sekunde, pamoja na ile B ambayo pazia linabaki wazi mpaka uachie kidole. Itundike shingoni kutoka Majengo hadi Nyerere Square uone jioni shingo itakavyokuambia. Lakini siku ile mwili wa kamera niliuweka kando. Macho yangu yalikuwa kwenye lenzi.

Helios 44-2, mm 58 (kipimo cha inavyovuta picha karibu), f/2 (ukubwa wa tundu la mwanga likifunguka lote; namba ikipanda, tundu linapungua). Namba yake inaanza na 77, na kwenye lenzi nyingi za Kisovieti tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka wa kutengenezwa. Kuna kinembo cha prizimu iliyopenywa na mshale, kidogo kama punje ya mtama. Ukiizungusha inatoka kama kifuniko cha chupa, maana haina kufuli wala kitufe. Ni skrubu ya kipenyo cha mm 42, basi.

Natumia Sony a6000 ya mtumba. Nikaagiza adapta, pete ya alumini isiyo na kioo wala waya, 30,000 pamoja na usafiri. Kazi yake ni kuiweka lenzi mbali na sensa, ile sehemu inayopokea picha badala ya filamu, kwa umbali uleule iliouzoea kwenye Zenit. Lenzi hizi za skrubu zinataka mm 45.46 kutoka zinapokaa hadi kwenye filamu. Sony yenyewe ina mm 18. Ukitoa unabaki na 27.46, na huo ndio unene wa adapta. Nikapima kwa rula ya mtoto, nikapata 27 na kidogo, nikacheka peke yangu.

Kuwasha kamera, ikagoma: hakuna lenzi. Nimehangaika nusu saa, kumbe kwenye menyu kuna sehemu ya kuiruhusu ipige hata kama haioni lenzi. Ukiwa mgeni anzia hapo kabla hujamtukana muuza adapta.

Picha ya kwanza ni mke wangu uani anachambua mlenda. Lenzi nimeifungua yote, f/2, nimesogea hadi kama mita moja hivi. Kidole gumba chake kina ukijani wa majani na unaweza kuhesabu mistari ya ngozi. Nyuma yake mwarobaini wa jirani umevurugika, majani yamejipanga duara kumzunguka kama maji yanayoishia kwenye tundu la sinki. Alipoiona akauliza, "Huu mti umelewa?" Tangu siku hiyo ndani ya nyumba inaitwa lenzi ya pombe.

Ila kinachonishika zaidi si hicho kizunguzungu. Ni pete mbili za mbele. Moja inakwenda kwa mlio, tk tk tk, unaiweka kwenye kikomo unachotaka, tuseme f/8. Ya pili ni laini, haina mlio: unaifungua mpaka mwisho ili uone vizuri na kulenga, kisha unaifunga bila kuitazama hadi igote kwenye kile kikomo. Ndani, vibati nane vinakusanyika kama mboni ya jicho lililotoka kivulini. Umeme ukikatika huwa nakaa sebuleni na tochi naifungua na kuifunga tu.

Nani mwingine ana ugonjwa huu? Tupieni mlivyonavyo.

Hesabu Kwanza

Hongera mkuu, ila tuwe wakweli. Simu yangu inayeyusha nyuma kwa kubonyeza mara moja na dakika hiyohiyo picha iko WhatsApp. Wewe unabeba chuma cha mwaka 77 ili mti uonekane umelewa. Faida iko wapi?

Mbuyu Mkavu

Faida ya pesa hakuna, na risiti naficha.

Ila nikupe kisa. Mwezi wa nane nilikuwa Chamwino kwa mzee mmoja anayepiga zeze. Mjukuu wake akampiga kwa simu, mimi nikampiga kwa Helios, tumekaa sehemu moja. Simu inakisia mtu anaishia wapi, kisha inapaka ukungu kwingine kote. Uso wa mzee ukatoka safi kabisa, lakini nyuzi za zeze zimeliwa nusu, zimeyeyuka pamoja na ukuta wa tembe. Akaonekana mzee anayekuna kijiti kwa upinde. Kwenye Helios nyuzi zipo zote. Lenzi haimjui mzee wala zeze, inajua umbali tu: kilicho sawa na macho yake kinakaa, cha nyuma kinaondoka kidogo kidogo.

Mzee alizitazama zote mbili. Alianza kuangalia nyuzi, uso wake akauangalia baadaye.

Simu siitukani lakini. Hata lenzi yenyewe, hii Helios, nikitaka kuwaonyesha watu naipiga picha kwa simu.

Hesabu Kwanza

Haya, la zeze nimekubali. La pesa bado.

Zabibu Kavu

Niko Mpunguzi huku kwenye mizabibu. Nina Nikon D3200, nikanunua Helios na adapta yake kwa mtu mtandaoni, jumla 180,000. Picha za karibu nzuri sana, jani la mzabibu unaona mpaka mishipa. Ukielekeza mlimani, ukungu mtupu. Nimesafisha lenzi mara tatu. Nimeuziwa kimeo?

Fundi Redio

Kijana, acha kuisugua, lenzi ni nzima. Tatizo ni Nikon.

Nimetengeneza redio na kamera Singida tangu enzi za kaseti, hili nimelieleza mara nyingi. Mwenzako ameandika hapo juu kwamba lenzi inataka mm 45.46. Nikon yako ina mm 46.5 tayari, kabla hujaweka adapta yoyote. Kwa hiyo lenzi imesogezwa mbele zaidi ya inavyotakiwa kwa mm 1 na nukta kidogo. Unaweza kuona ni kitu kidogo, lakini kwa lenzi ya mm 58 hiyo mm 1 inakuzuia kulenga chochote kilicho mbali zaidi ya mita 3 na ushee. Adapta nayo ina unene wake, kwa hiyo hata hizo mita 3 huzipati. Mlima uko kilomita ngapi?

Zipo adapta zenye kioo kidogo ndani cha kurekebisha. Zinafanya kazi, ila kioo chenyewe huwa cha bei rahisi na kinapunguza ukali wa picha. Ukipata Canon yenye mdomo wa EF, ile ina mm 44, adapta inaingia vizuri na mlima utauona. Au baki na Nikon yako upige zabibu. Si wewe uko shambani?

Zabibu Kavu

Shikamoo mzee. Kumbe nilikuwa nasugua bure! Basi nitapiga zabibu, huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, kazi haiishi.

Fundi Redio

Marahaba. Na uliyeanzisha uzi, Helios 44-2 haina pini nyuma, una bahati. Wanaonunua Helios 44M na lenzi nyingi za Kijapani za skrubu wataona kijipini kinachochomoza nyuma. Kwenye kamera yake, pini ikisukumwa ndiyo tundu linafunga. Ukitumia adapta isiyo na ukingo wa ndani wa kuisukuma, lenzi inabaki wazi f/2 hata ukizungusha pete mpaka f/16, halafu mtu analalamika lenzi mbovu. Kabla ya kununua adapta angalia kama ina huo ukingo. Baadhi ya lenzi zina kiswichi cha A (yenyewe) na M (kwa mkono), weka M na tatizo limekwisha.

Kaskazi

Salamu kutoka Tanga. Nyie wa bara mnadekezwa na ukavu. Nina lenzi ya Kijapani, Super-Takumar mm 50 f/1.4 ya marehemu shemeji, ukiichungulia kwenye mwanga kuna nyuzinyuzi kama utando wa buibui pembeni, na kioo kizima kimekuwa cha rangi ya chai. Fangasi imekula mpaka rangi?

Fundi Redio

Hayo ni magonjwa mawili, usiyachanganye. Utando ndiyo fangasi, hewa yenu ya bahari inailea. Peleka kwa fundi ifunguliwe isafishwe mapema, maana ikikaa inakula ile rangi ya juu ya kioo na hapo hakuna dawa. Ikishasafishwa iweke kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vijipakiti vya kwenye maboksi ya viatu, na usiifungie kwenye mfuko wa ngozi. Ngozi inashika unyevu.

Rangi ya chai ni kitu kingine. Baadhi ya Takumar hizo zina kioo chenye thoriamu, na miaka ikienda kinageuka njano. Mionzi ipo ila ni midogo, usilale nayo tu kwenye mto. Dawa yake ni jua: iache kwenye mwanga wa jua wiki kadhaa, njano inapungua kabisa. Funika upande mmoja kwa karatasi ya alumini, na angalia isielekee pazia wala godoro. Lenzi juani ni kiberiti.

Mama Ubuyu

Kwa hiyo kuna watu wana mionzi kabatini na mimi naogopa kupasha chakula kwenye maikrowevu 😂

Mtoto wa Stesheni

Mkuu Mbuyu, mimi natumia a6000 kama yako na Helios kama yako. Juzi nilikwenda stesheni ya SGR saa sita mchana, nikafungua f/2 nipate huo ulevi. Picha zote zimepauka, palipopigwa na jua peupe kama karatasi. ISO (wepesi wa sensa kushika mwanga) 100, kasi mwisho kabisa 1/4000. Nakosea wapi?

Mbuyu Mkavu

Unakosea saa. Fanya hesabu hii, kwenye anga safi haidanganyi: jua la wazi, weka f/16, na kasi iwe sawa na ISO yako. ISO 100, kasi 1/100. Sasa kutoka f/16 hadi f/2 ni hatua sita, na kila hatua inaongeza mwanga mara mbili. Ili kufidia unahitaji 1/6400. Kamera yetu inaishia 1/4000. Ina maana mchana wa Dodoma f/2 haiwezekani mpaka uvae kichujio cheusi, yaani miwani ya jua ya lenzi. Skrubu ya mbele ya lenzi, pale kichujio kinapofungwa, ni mm 49.

Mimi sina kichujio, nasubiri saa kumi na moja. Jumamosi saa hiyo huwa nipo mnada wa Msalato, moshi wa nyama unapita mbele ya jua lililoshuka, na hapo lenzi hii inafanya ujinga wake: mwanga ukiingia kwa ubavu picha yote inapauka kama imepakwa maziwa. Wengine wanalipenda hilo, mimi kiasi tu. Nimekata kopo dogo la nyanya, nikalipaka rangi nyeusi ndani, linakaa mbele ya lenzi kama lilizaliwa hapo. Muuza mbuzi mmoja aliniuliza kama napima hali ya hewa.

Jingine, huo mzunguko wa nyuma unahitaji majani, tena yawe mbali kidogo na mtu. Kiangazi chetu miti imebaki miiba na vijiti, hupati kitu. Njoo Februari mvua zikiwa zimechanganya. Na sensa yetu ni ndogo kuliko filamu, inakata kingo ambako ulevi ndiko ulipo. Mm 58 inakuwa kama 87. Nilichokiona mimi ni nusu ya kinachoweza kutoka.

Hesabu Kwanza

Kwa hiyo weka filamu kwenye hiyo Zenit uone yote. Au imeshindikana?

Mbuyu Mkavu

Wewe mtu wewe.

Fundi Redio

Amesema kweli. Ukipakia filamu, baada ya kufunga mgongo vuta mkono wa kusogezea huku unatazama kile kitufe cha kurudishia filamu upande wa kushoto. Kikigeuka, filamu inatembea. Kisipogeuka unapiga hewa.

Mbuyu Mkavu

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano. Niwaambie mapema: mzee Fundi Redio aliandika ushauri wake Jumatatu, mimi nilipakia filamu Jumapili.

Rafiki aliniletea Ilford HP5 Plus moja, nyeusi na nyeupe, ISO 400, picha 36. Nikapiga wiki nzima: msikiti wa Gaddafi, mawe ya Mlima wa Simba, watoto wa jirani. Nikapita picha 36, nikafika 40, mimi bado napiga, nikajua Warusi wamenipa za nyongeza. Ndipo nikasoma humu. Nikavuta mkono, nikatazama kitufe. Kimetulia kama mzee kijiweni. Filamu haikuwahi kushika meno. Wiki nzima nimepiga hewa.

Uzuri wake, filamu ambayo haikutembea haijaona mwanga. Nikaipakia upya, kitufe kikageuka, nikaanza moja.

Kipima mwanga cha Zenit kimekufa, mshale umelala. Nikatumia ileile hesabu ya f/16. Kwa ISO 400 mchana inataka 1/500 na f/16, yaani kasi ya mwisho ya kamera na tundu la mwisho la lenzi kwa pamoja. Mchana wetu na Zenit vinatoshana bila chenji.

Kusafisha filamu kwa dawa ili picha zitokee ndiko kulikuwa na kazi. Ya kwanza, filamu lazima iingizwe kwenye tangi gizani kabisa, na sina ule mfuko maalumu. Nikakumbuka koti la baba mdogo. Nikalifunga vifungo vyote, nikakunja kola na pindo, nikalilaza juu ya meza usiku taa zimezimwa, vitu vyote ndani, mikono nikaipenyeza kwa kupitia mikono ya koti. Nusu saa natokwa jasho. Mke wangu akafungua mlango, akaona mtu anapigana na koti gizani, akafunga.

Ya pili ni joto. Dawa ya D-76 inataka nyuzi 20, kwa filamu hii dakika 7 na nusu. Maji ya simtanki langu saa mbili usiku yalikuwa nyuzi 28. Nikanunua barafu za mia mia kwa jirani, nikazitupa kwenye beseni na chupa za dawa nikazisimamisha humo mpaka kipimajoto kikashuka.

Ya tatu sikuitegemea: maji ya kisima chetu yana chumvi. Filamu ilipokauka ikabaki na madoa meupe kama ya kwenye sufuria ya chai. Nikaiosha tena, mara ya mwisho kwa maji ya kunywa ya dukani, nikaitundika bafuni baada ya kumwagia maji sakafu nzima ili vumbi litulie. Ikatoka safi, isipokuwa picha tatu za mwanzo.

Nilizoridhika nazo ni 22. Kuna jambo sikulijua: kidirisha cha Zenit-E hakikuonyeshi picha yote. Unachokiona ni kama mm 20 kwa 28, filamu inachukua 24 kwa 36. Theluthi nzima ya picha inaingia bila wewe kuiona. Nilimpiga baba mdogo amekaa kwenye kiti chake, peke yake, nimempanga vizuri. Kwenye negativu kuna baba mdogo, kushoto kuna mguu wa shangazi na kanga, kulia kuku, juu kamba ya nguo na soksi moja. Yeye ameipenda hiyo kuliko zote. Anasema nyumba ile ilikuwa hivyo hivyo.

Mama Ubuyu

Hiyo soksi naomba uiweke humu. Na barafu za mia usisahau asili yake.

Hesabu Kwanza

Filamu moja, dawa, barafu, maji ya dukani. Nimepiga hesabu kichwani nikaacha. Ila hiyo ya baba mdogo ni picha.

Mrangi wa Kolo

Wakuu nimesoma uzi wote kwenye basi. Nyumbani Kondoa kuna kamera ya babu, imeandikwa Praktica. Lenzi imeandikwa Tessar 2.8/50, Jena. Inaingia kwenye adapta hiyohiyo au natafuta nyingine?

Mbuyu Mkavu

Praktica ni ya Ujerumani Mashariki, na nyingi zinatumia skrubu hiyohiyo ya mm 42. Lenzi hiyo inaingia kwenye adapta yangu, na hata kwenye Zenit inaingia. Ila kama imeandikwa B200 au ni ya ukoo huo wa B, hizo za kuanzia 1979 zina mdomo mwingine. Jaribu kuizungusha, ikitoka kama kifuniko ni yenyewe.

Mrangi wa Kolo

Haitoki. Na pete ya kulengea haisogei kabisa, imeganda.

Fundi Redio

Grisi imekauka, miaka haikutumika. Inafunguliwa, inaoshwa, inapakwa mpya, inarudi laini. Ila usiilazimishe, na kwa hali yoyote usiishike kwa koleo.

Mrangi wa Kolo

Mzee shikamoo.

Fundi Redio

Marahaba. Umeshaishika kwa koleo.

Mrangi wa Kolo

Nilizungushia kitambaa kwanza.

Fundi Redio

Njoo nayo Singida siku ya kazi, usije Ijumaa mchana. Uje na vipande vyote.